Maiki Kwenye Kola ya Fundi Pini

Mtaani kwetu palikuwa na fundi cherehani mwenye sauti ndogo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Si kwamba alikuwa hana la kusema. Maneno alikuwa nayo tele, ila yalimtoka kama mvuke wa pasi: unauona umepita, huwezi kuushika. Juu ya hayo alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni tangu anafungua kazi hadi anafunga, na akaongea nazo humo humo. Ndiyo maana watu wakamwita Fundi Pini, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye cheti cha ndoa tu.

Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kikitazamana na chumba ambamo mumewe alishonea. Kati yao palikuwa na ua mdogo wa saruji, pipa la maji, na kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka kibandani hadi kwenye dirisha la fundi. Sisi tulimwita Mama Saga. Mwanamke mnene, mcheshi, nyusi nyeupe kwa unga, na akiita mtu kutoka kule kibandani, nusu ya mtaa inageuka.

Mashine ile ilinguruma miaka na miaka, naye akiwa amesimama pembeni yake, na masikio yake yakaanza kumtoroka kidogo kidogo bila yeye kujua. Sisi wateja tuliona mapema, kwa sababu ya majibu yake.

“Mama, nipe uzi mweusi hapo dirishani,” Fundi Pini angesema.

“Mbuzi mweusi? Mbuzi wa nani tena kaingia dirishani?”

Au: “Mama, mwalimu kaja kuchukua sketi.”

“Kachukuliwa na teksi? Kapelekwa wapi?”

Tulicheka hadi tukashika mbavu, na Mama Saga alicheka kutushinda sote. Hata fundi alicheka. Lakini mtu akirudia neno moja mara tatu kila siku, mwisho huchoka. Fundi Pini akaanza kupunguza maneno. Habari za mchana mzima akazifupisha zikawa kuitikia kwa kichwa. Yale yaliyobaki aliiambia cherehani. Ungempitia mchana ungemkuta amejiinamia, mguu unakanyaga, midomo inacheza: analalamikia mteja aliyenenepa baada ya kupimwa, analalamikia kigoda kinachoyumba, analalamikia chai. Hakuwa na wasiwasi wa kusikika. Ng'ambo ya ua mashine ilikuwa inanguruma, na mkewe hakusikia hata hodi.

Basi siku moja mchana, wakati wa kupumzika, Mama Saga aliingia chumbani kwa mumewe akiwa na jambo. Alitaka kununua mashine ya pili, ya kukoboa. Kibanda hakikuwa na nafasi. Akautazama ukuta, akatazama dirisha, akasema, “Fundi, nimewaza hivi. Tuubomoe ukuta huu, chumba hiki kiungane na ua, mashine mpya ikae hapa. Wewe utahamia kibarazani mbele, upate na upepo. Unaonaje?”

Fundi Pini alikuwa amepiga magoti anapima pindo la gauni, pini tele mdomoni. Akasema, “Haifai kabisa.”

Mama Saga akapiga makofi. “Safi kabisa! Nilijua tu utakubali!” Akamshika bega, akamtikisa kwa furaha, akatoka mbio kwenda kumtafuta fundi mwashi.

Fundi Pini aliinua mkono kumwita. Kisha akaushusha. Alikuwa ameuona uso wa mkewe ulivyong'aa, na hakuwa na moyo wa kuuzima. Akayameza maneno yake, na bahati nzuri hakumeza pini.

Mwashi alikuja na futi yake, akapima ukuta, akachora alama za chaki, akasema atarudi akimaliza kazi aliyokuwa nayo kwingine. Tangu hapo kila asubuhi fundi alikaa kwenye cherehani akitazamana na zile alama.

Kabla mwashi hajarudi, kikatokea kisa cha mkanda. Ilikuwa siku ya wateja wengi, foleni imefika hadi kwenye pipa. Mkanda wa mashine ukaanza kulia, kwanza taratibu, halafu kwa sauti kali ya kuchoma meno. Wateja wakatazamana. Mmoja akamwita Mama Saga, wa pili akapunga mkono. Yeye aliendelea kumimina mahindi huku akiimba. Alishtuka tu alipoona moshi, na papo hapo mkanda ukakatika, ukapiga bati kwa kishindo na kuangukia kwenye magunia. Hakuna aliyeumia. Mama Saga alizima umeme, akageuka.

“Ulikuwa unalia?” akauliza.

“Ulikuwa unalia, Mama Saga. Muda mrefu.”

“Mlisikia nyote?”

Nilikuwa kwenye foleni siku hiyo. Tukainama kufunga magunia yetu. Yeye akakaa juu ya gunia, akajipangusa uso, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana mzaha wa kutoa.

Mumewe ndiye aliyempeleka hospitali. Mpimaji alimvisha vyombo vya masikioni akamwambia anyooshe mkono kila asikiapo mlio. Milio minene alinyoosha. Milio myembamba ilipita, mkono umetulia pajani, na fundi aliyekuwa amekaa kando akaisikia yote ikivuja kwenye vile vyombo, mmoja baada ya mwingine. Mpimaji akaeleza kwamba mngurumo wa mashine umemwondolea sauti nyembamba, na kwamba herufi kama s na f ndizo za kwanza kupotea kwenye maneno. Azibe masikio kila anaposaga, yasizidi kuharibika. Vifaa vya kumsaidia kusikia vipo, ila wanaovisubiri ni wengi. Wataandika jina lake, watamwita.

Njiani kurudi Mama Saga alitembea akijigusa sikio. Kisha akasema, “Kumbe si wewe uliyekuwa unaninong'oneza miaka yote hii.”

“Na mimi nanong'ona kweli,” fundi akajibu, ila ilibidi alirudie hilo mara mbili.

Kesho yake Fundi Pini alifunga chumba mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda sokoni kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wake Mama Saga, fundi wa redio na simu, mwenye kibanda kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Yeye na fundi walitaniana tangu siku ya kwanza walipojuana, na hakuna aliyekubali kushindwa.

“Shemeji, nifundishe kutengeneza maiki.”

“Maiki? Unataka kuimba? Na sauti hiyo, watu watadhani betri imekwisha.”

“Nataka dada yako anisikie.”

Shemeji mtu akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Utani wote ukamtoka. “Vuta kigoda,” akasema.

Alianza naye mbali. Alichukua nyembe mbili kuukuu, akazisimamisha sambamba kwenye kipande cha ubao, akaziunga na betri na kisikizio, akamwambia alaze juu yake kitu kitakachopitisha umeme. Fundi akatoa mfukoni chaki ya kuchorea nguo, akailaza. Kimya. Shemeji akacheka mpaka akajiegemeza mezani. Akavunja penseli, akatoa risasi yake nyeusi, akailaza mahali pa chaki. “Sasa weka saa yako hapo kwenye ubao.”

Fundi akaweka saa, akatega sikio. Tik, tik, tik, nzito kama mtu anayepasua kuni. Macho yakamtoka. Shemeji akamweleza kwamba sauti inautikisa ubao, ubao unatikisa risasi ya penseli, na kila inapotikisika umeme unapita mwingi au kidogo; maiki zote duniani zina ujanja wa namna hiyo, zinageuza mtikisiko kuwa umeme. Fundi akakaa na saa yake hapo hadi soko likaanza kufungwa.

Baada ya hapo akawa mwanafunzi wa kila jioni. Alijifunza kutoa kwenye simu mbovu kile kidude kidogo cha kunasia sauti, cha mviringo, chenye miguu miwili. Alikipenda mara moja kwa sababu kilifanana na kifungo cha shati la mtoto. Alijifunza kwamba mguu unaogusana na ganda lake ndio wa kuungwa upande wa hasi, na ukiugeuza utaongea na ukuta. Alijifunza kazi ya rezista inayobana umeme na kapasita inayouchuja, na jinsi transista inavyochukua sauti ya mbu na kuifanya ya ng'ombe. Nyaya nyembamba kama unywele hazikumpa taabu, vidole vyake vilishazoea uzi. Kulehemu ndiko kulikomtesa.

“Shemeji, hii ni lehemu au ni punje za mahindi?” fundi wa redio alimwuliza.

“Ni mapambo.”

“Yafumue, uanze upya.”

Kifaa cha kwanza alikifunga ndani ya kopo la dawa ya viatu, maiki juu, hedifoni kubwa za kufunika sikio zima zikining'inia. Akakibandika kwenye aproni ya mkewe, naye Mama Saga akavaa hedifoni kwa heshima zote, akawasha mashine. Kelele aliyopiga tuliisikia barabarani. Alivua ule mzigo akautupa kwenye unga.

“Fundi! Umenitia mashine nyingine ndani ya kichwa!”

Ikawa kweli. Maiki iliyokaa karibu na mashine haina cha kusikia ila mashine. Fundi alishika tama siku mbili tatu. Jibu alilipata akiwa kazini. Alikuwa anampima shingo mteja mmoja, mashine inanguruma nje, na yule mteja akamwomba kwa sauti ya chini asimwambie mtu kwamba shati la zamani linambana. Fundi alisikia kila neno. Alisikia kwa sababu sikio lake lilikuwa karibu na mdomo wa mtu. Akaacha futi kwenye shingo ya mteja, akasimama ameduwaa. Si masikio ya Mama Saga yanayohitaji maiki, akawaza. Ni mdomo wangu.

Akashona kimfuko kidogo chini ya kola ya shati lake, akatia kile kidude humo, akakifunika kwa kipande cha sponji ili pumzi isivume na kitambaa kisichakarishe. Waya akaupitisha mgongoni, ukatoka dirishani, ukafuata kamba ya kuanikia nguo hadi kibandani kwenye hedifoni za mkewe. Mara ya kwanza ulileta mvumo mzito, kama nyuki wamehamia kwenye waya. Shemeji akaja, akatazama, akasema waya mrefu namna hiyo unazoa umeme wa nyumba nzima. Akaleta waya mwingine, uliovishwa nyuzi za shaba nje kama soksi. Akabadilisha na kapasita moja akaweka ndogo zaidi, ili mngurumo mnene ukatwe na sauti nyembamba zipite. Hedifoni zenyewe zilikuwa nene kiasi cha kuziba kelele, kwa hiyo na agizo la hospitali likawa limetimizwa.

Wakajaribu asubuhi, mashine ikiwa imewashwa. Mama Saga alikuwa anamimina mahindi. Fundi akakaa kwenye cherehani yake, akasema kwa sauti yake ile ile, “Mama.”

Mama Saga akageuka nyuma haraka. Hakukuwa na mtu. Akageuka upande wa pili. “Uko wapi?”

“Niko chumbani. Nakunja pindo la suruali.”

Ndoo ya mahindi ikabaki mkononi mwake, haishuki wala haipandi. “Unakunja pindo,” akasema, kama mtu anayeonja kitu. “Sema tena.”

“Niseme nini?”

“Lolote. Ila toa pini kwanza, zinagongana.”

Fundi akatoa pini. Alikuwa hajui kwamba zinagongana. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akafikiri aseme nini, na kwa kuwa aliyakumbuka maelezo ya mpimaji, akaanza kuchambua maneno: “Sindano. Soksi. Sufuria. Sisimizi. Fulana. Fifisha. Sisimizi wa shemeji.”

Kule kibandani Mama Saga alikuwa anacheka huku machozi yanachora mistari kwenye unga wa mashavu. “Zimerudi!” akapiga kelele kwa wateja. “S zangu zimerudi!” Sisi wateja hatukuelewa kitu, lakini tulimshangilia.

Kuanzia siku hiyo wawili wale walikuwa wamefungwa kwa waya. Wakitoka kwenda dukani fundi alikunja waya ule mrefu, akafunga mfupi, wakatembea sambamba, waya ukitoka kwenye kola ya mume kwenda kichwani kwa mke. Muuza duka akauliza, “Mama Saga, umemfunga mumeo kamba?”

“Ndiyo,” akajibu. “Alishaanza kupotea.”

Sasa, mtu aliyezoea kunung'unika haachi kwa siku moja. Fundi Pini alitaka pawe na namna ya kuizima ile maiki anapotaka faragha na cherehani yake. Akatafuta kitufe, akaamua kutumia kile kifungo cha chuma cha kubana, cha kike na kiume, kinachoshonwa kwenye magauni. Ukikibana, nyaya zinagusana, ukikibandua, zinaachana. Akaweka na taa ndogo nyekundu ili ajue maiki iko wazi. Akabana, taa ikawaka. Akabandua, taa ikazima. Akaridhika, akaanza kunung'unika.

Kigoda hiki, akasema, kitanivunja kiuno. Kesho yake alikuta fundi seremala ameinama chini ya kigoda chake. “Mama Saga kaniita,” seremala akasema.

Chai hii, akasema, sukari yake inatosha kuokea keki. Jioni ile chai ikaja haina utamu wa kukera. Akanung'unika kwamba dirisha lina utando wa buibui, utando ukaondoka. Akanung'unika kwamba hakuna anayemsifia koti alilolishona kwa wiki nzima, na Mama Saga akaingia na mikono ya unga, akalizunguka lile koti, akasema, “Mabega yamekaa, Fundi. Mabega yamekaa kweli kweli.”

Fundi akaenda kwa kinyozi akifura kama andazi. “Mke wangu siku hizi ananielewa hata nikiwa nimenyamaza,” akasema. Kinyozi akamwonea gere.

Kumbe upande wa pili Mama Saga alikuwa amemwambia mdogo wake kwamba anayasikia manung'uniko yote, na mdogo wake alikuja siku moja kwa kisingizio cha kukagua nyaya. Alitazama nyuma ya kile kifungo, akatoka nje, akajishika tumbo. Fundi alikiunga kifungo kwenye waya wa taa tu. Betri ya maiki haikupita pale kabisa. Alikuwa anazima taa, maiki ikiendelea kusikia kila kitu.

“Nimwambie?” Mama Saga akauliza.

“Dada, ukimwambia sisemi nawe tena.”

Ikaendelea hivyo mpaka mwashi alipoleta habari kwamba amemaliza kazi yake kwingine na asubuhi inayofuata atakuja na nyundo.

Mchana huo Fundi Pini hakushona. Alibandua kifungo, akahakikisha taa imezima, akaweka mikono juu ya cherehani. “Basi kesho,” akaiambia. “Kesho tunatoka, mimi na wewe. Huko kibarazani vumbi la barabara litaingia kwenye nguo nyeupe za watu, na mvua ikija ya upande tutalowa wote. Mwanga wa dirisha hili nitaupata wapi mimi? Nilisema haifai. Nilisema haifai kabisa, kwa kinywa changu. Akasikia safi.” Akafuta vumbi kwenye gurudumu lake. “Na mimi nikamwacha. Ungemwona alivyofurahi. Yule mwanamke akicheka mimi sina ujanja, nimekwisha. Haya, wabomoe. Nitazoea.”

Nje, mngurumo wa mashine ulishuka, ukashuka, ukakatika. Kamba ya nguo ikatikisika. Mama Saga alikuja amevaa hedifoni zake, waya umemjaa mikononi, akasimama mlangoni.

“Rudia,” akasema.

“Nirudie nini?”

“Lile neno la siku ile. Ulilosema umepiga magoti hapo.”

Fundi akashika kifungo, akatazama taa. “Mbona nimezima?”

“Umezima taa, Fundi. Maiki haijazimika tangu ulipoiunga.”

Nasikia uso wake ulipita rangi zote za vitambaa alivyokuwa navyo rafuni. Akaanza kuhesabu kwa kurudi nyuma. “Kigoda?”

“Mimi.”

“Chai?”

“Mimi.”

“Na… lile nililosema juu ya mama yako, kwamba akija kututembelea anasahau kwao?”

“Lile tutalizungumza siku yake,” Mama Saga akasema. Lakini hakuwa anacheka. Alivuta kile kigoda kilichotengenezwa, akakaa mbele ya mumewe. “Mimi nilisikia safi.”

“Najua.”

“Ulijua siku ile ile?”

“Ulipiga makofi.”

“Ukaniacha nikamleta mwashi. Ukaniacha nikaenda kuichagua na mashine yenyewe, nakueleza kila siku, nawe unaitikia kwa kichwa tu.” Sauti yake ikapanda. “Masikio yangu yalikuwa mabovu, Fundi, lakini macho yangu mazima! Ungetikisa kichwa tu! Ungesema hapana kwa kichwa!”

Fundi Pini alikizungusha kile kifungo kidoleni. Mwisho akasema, “Nilishazoea kutosikika, mama. Mtu akizoea hivyo, anaona raha pia. Hakuna anayembishia.”

Mama Saga akakisogeza kigoda karibu zaidi. “Basi raha hiyo imekwisha,” akasema. “Nibishie.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi. Toa pini.”

“Sina pini.”

“Basi huna kisingizio.”

Wakabishana. Ndugu yangu, walibishana mchana kutwa. Wateja walikuja na magunia wakakuta mashine imezimwa, wakakaa kwenye ua kusikiliza. Fundi alisema chumba hakibomolewi. Mama Saga akasema mashine ya kukoboa hailali nje. Fundi akasema kibanda kirefushwe upande wa pipa. Mama Saga akasema pipa litakwenda wapi. Mteja mmoja akashauri pipa lipandishwe juu ya matofali kwenye kona, wote wawili wakamgeukia wakamwambia haya hayamhusu, kisha dakika chache baadaye fundi akalitoa shauri hilo hilo kama lake, na likakubaliwa. Walipomaliza walikuwa hoi, wamechangamka kama watu waliotoka kucheza mpira.

Asubuhi mwashi akaja na nyundo begani. “Nianze na ukuta upi?”

“Usibomoe!” wakasema kwa pamoja.

Kibanda kikarefushwa kwa mabati. Mashine ya kukoboa ikaingia, na mwashi, ili safari yake isiwe bure, akalipanua dirisha la fundi kwa upande mmoja. Kifungo kikaungwa upya mahali panapostahili, shemeji akisimamia. Mama Saga alisikitika, lakini alikubali kwamba haki ni haki.

Mambo hayakuishia hapo. Fundi Pini alichoka kukunja waya, akamshawishi shemeji watengeneze maiki isiyo na waya, kitu kidogo chenye antena fupi kinachorusha sauti kwenye redio ya mfukoni ya Mama Saga. Ilifanya kazi vizuri sana. Ilifanya kazi vizuri hadi kwa kinyozi, aliyekuwa amefungua redio yake atafute muziki, na benchi zima la wateja likasikia fundi anamweleza mkewe kwa undani kwamba suruali ya mwenye nyumba ya kona imebidi iongezwe vipande viwili kiunoni. Mwenye suruali alikuwa amekaa pale pale, nusu ya kichwa imenyolewa. Ilibidi fundi amshonee koti la kumwomba radhi, na maiki ikarudi kwenye waya.

Hatimaye hospitali walimwita Mama Saga, akapewa vifaa vidogo vya kukaa nyuma ya masikio. Anavivaa akienda sokoni na akikaa na watu, na anasema anasikia hadi maji yakichemka chumba cha pili. Kibandani havifai, kelele ni nyingi mno. Huko anavaa hedifoni zake, na mumewe yumo humo ndani anaongea. Siku hizi maneno hayamwishi. Ukipita utamkuta anamweleza nani kapita barabarani, nani kavaa nini na kashonewa na fundi gani asiyejua kukata kwapa. Mama Saga anajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwa hiyo sisi tunapata nusu ya mazungumzo na nusu tunaijazia wenyewe.

Na watu wameanza kumletea fundi kazi za namna hiyo. Fundi wa magari alitaka kitu cha kubandika kwenye injini ili asikie mahali inapogonga. Akamtengenezea kwa kutumia kisahani cha shaba kinachotoa mlio ndani ya saa ya mezani, maana kisahani hicho ukikigeuza kazi, badala ya kulia, kinasikia. Jirani asiyesikia vizuri, aliyejifungua juzi, anataka taa itakayowaka mtoto anapolia. Hiyo ndiyo inayomsumbua sasa. Nilipita jana kufuata suruali yangu, nikamkuta yeye na shemeji yake wameinama mezani, taa inawaka kila jogoo anapowika, kila mlango unapofungwa, na kila shemeji anapocheka.

“Ikaze kidogo,” shemeji anasema.

“Nikiikaza haitamsikia mtoto.”

“Basi ingoje alie mara mbili ndipo iwake.”

“Mtoto gani analia mara mbili tu?”

Nikauliza suruali yangu. Fundi akanionyesha kwa kidole, imetundikwa ukutani, pindo bado halijaguswa, na akarudi kwenye nyaya zake.